Meli ya Mchana, Sikukuu ya Usiku

Kufungwa kwa maduka, mikahawa na makumbusho siku za sikukuu ni usumbufu mdogo kwa mkazi wa mji, lakini kwa abiria wa meli ya kitalii ni hasara kamili. Mkazi akikuta mlango umefungwa leo atarudi kesho. Abiria aliyeshuka gatini saa mbili asubuhi anatakiwa awe amepanda tena melini jioni, na kesho yake ataamkia bandari nyingine, mara nyingi nchi nyingine kabisa. Doha, mji mkuu wa Qatar, unaionyesha shida hii waziwazi kuliko vituo vingi. Msimu wake wa meli ni takriban Novemba hadi Aprili, na ndani ya miezi hiyo sita mna Ijumaa ishirini na ushei, Sikukuu ya Taifa, Siku ya Michezo na, kwa miaka hii, Ramadhani nzima pamoja na Idi yake. Na katika sehemu zote ambazo abiria hupelekwa au hujipeleka wenyewe, kisiwa cha The Pearl ndicho kinachowachanganya zaidi, kwa sababu siku za sikukuu nusu yake hufungwa na nusu nyingine haina hata mlango wa kufunga.

Meli zenyewe hazifiki The Pearl. Hufunga kwenye Bandari ya Zamani ya Doha, katikati ya mji, jirani na Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu yaliyosanifiwa na I. M. Pei na kufunguliwa mwaka 2008. Shughuli za mizigo zilihamishiwa Bandari ya Hamad, kusini mwa mji, iliyozinduliwa rasmi Septemba 2017, na gati la zamani likaachiwa meli za abiria. Tarehe 13 Novemba 2022, wiki moja kabla ya mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia, meli ya MSC World Europa ilizinduliwa hapohapo na kugeuzwa hoteli ya mashabiki. Pembeni mwa gati umejengwa mtaa wa Mina, wenye nyumba za rangi mbalimbali, mikahawa na soko la samaki. Kwa hiyo abiria anayeshuka siku mbaya ana angalau pa kutembea kabla hajatafuta gari.

The Pearl iko upande wa pili wa mji, kaskazini, mwendo wa kilomita 15 hivi kwa barabara. Ni kisiwa cha kutengenezwa chenye ukubwa wa karibu mita za mraba milioni 4, kilichojengwa na kampuni ya United Development, iliyoanzishwa mwaka 1999, mahali ambapo zamani wazamiaji walitafuta lulu. Ndipo mahali pa kwanza nchini Qatar ambapo wageni waliruhusiwa kununua nyumba na kuzimiliki. Jambo hilo lina uzito kuliko majina ya Kitaliano yaliyopachikwa kila kona ya kisiwa. Souq Waqif, soko kuu la katikati ya mji, ni soko; likifungwa mgeni hana la kufanya ila kuhesabu makufuli. The Pearl ni mtaa wa watu wanaolala, wanaoamka na wanaotembeza watoto, kwa hiyo njia zake za miguu, madaraja na kingo za maji haziwezi kufungwa. Kinachofungwa ni maduka na mikahawa iliyopangwa chini ya ghorofa.

Tofauti ya sehemu za kisiwa inafaa kujulikana kabla ya kupanda teksi. Porto Arabia ni bandari ya mashua za kifahari iliyozungukwa na minara ya makazi, na ukingoni mwake inapita La Croisette, njia ya miguu ya kilomita 2.5. Hapo uzuri umewekwa madirishani mwa maduka na mezani mwa mikahawa, kwa hiyo vikifungwa panapoa mno. Qanat Quartier ni mtaa wa mifereji na nyumba za rangi ulioigiza Venice, hadi daraja lililofanana na Rialto. Msafiri aliyetokea Venice yenyewe huenda akacheka, lakini saa ambayo kila kitu kingine kimefungwa mtaa huu ndio wenye faida, kwa kuwa cha kutazamwa kiko nje. Medina Centrale ni uwanja wa katikati wenye duka kubwa la vyakula, sinema na mikahawa ya familia. Ndiko kwa kutafuta maji ya kunywa na choo. Fukwe za Viva Bahriya ni za wakazi, na mgeni asizitie kwenye hesabu yake, iwe sikukuu au siku ya kazi.

Kufungwa kunakowapata abiria wengi zaidi hakuandikwi kwenye kalenda kama sikukuu. Ni Ijumaa. Wiki ya kazi ya Qatar huanza Jumapili na kuisha Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko. Jumamosi haina taabu, kwani masoko na makumbusho hufunguliwa kama kawaida. Ijumaa asubuhi mji hulala. Treni za metro huchelewa kuanza kuliko siku nyingine, maduka mengi hayafunguliwi kabla ya sala, na yaliyofunguliwa hufungwa muda wa sala ya adhuhuri. Makumbusho makubwa hufungua milango kuanzia saa saba na nusu mchana. Souq Waqif huamka alasiri, kisha hujaa hadi usiku kuliko siku yoyote ya wiki.

Saa tano na nusu ya Ijumaa, Porto Arabia huwa na sura ya mahali palipohamwa. Vioo vya maduka vimesafishwa, taa za ndani zinawaka, sanamu zimevishwa nguo za msimu, na mlangoni kuna kibao cha saa za kazi ambacho mstari wake wa Ijumaa unaanzia alasiri. Viti vya mikahawa vimepinduliwa juu ya meza. Mlinzi amejisogeza kivulini, na mashua za kifahari zimefunikwa maturubai. Kundi la abiria hutembea nusu ya duara, hupiga picha, huulizana kama watakuwa wamekosea mahali, kisha hugeuka kutafuta teksi. Saa tisa baadaye, njia hiyohiyo haipitiki kwa wingi wa vigari vya watoto wachanga na familia zilizotoka kula. Abiria wale hawakukosea mahali. Walikosea saa, na saa hawakuipanga wao.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo lote. Katika Ghuba siku ya mapumziko huishi usiku: kwa sababu ya joto la miezi ya kiangazi, kwa sababu ya sala, na kwa mazoea ya siku nyingi ya kukaa baraza na kutembeleana baada ya isha. Meli za kitalii huishi mchana. Hufika alfajiri, hukaa saa nane hadi kumi, huondoka jioni ili zisafiri usiku abiria wakiwa wanakula na kucheza. Kwa hiyo abiria analetwa mjini katika saa ambazo mji haupo, na anaondolewa mji unapoanza.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa tiketi hawalitangazi. Safari nyingi za Ghuba ni mzunguko wa usiku saba: Dubai, Abu Dhabi, Doha na vituo vingine kati yao, kisha Dubai tena. Mzunguko wa siku saba maana yake ni kwamba meli hufika kila kituo siku ileile ya wiki msimu mzima. Meli iliyopangiwa Ijumaa Doha itafika Ijumaa kuanzia Novemba hadi Aprili, na maelfu ya abiria wake wote wataona mji uliofungwa, huku abiria wa meli ya Jumatatu wakisifu soko lilivyochangamka. Anayetaka kuikwepa Ijumaa basi halazimiki kubahatisha; inatosha kuangalia, kabla ya kulipa, tarehe ya kituo inaangukia siku gani.

Nchi jirani hazikai kwenye kalenda moja. Oman ilihamishia mapumziko yake Ijumaa na Jumamosi mwezi Mei 2013. Falme za Kiarabu zilihamia Jumamosi na Jumapili kuanzia Januari 2022, Ijumaa ikiwa nusu siku ya kazi serikalini. Meli inaweza kuondoka Dubai Ijumaa usiku, wiki ya kazi ikiisha huko, na kufika Doha Jumamosi ambayo ni mwisho wa mapumziko. Benki na ofisi za serikali humhusu abiria mara chache, lakini msongamano wa barabarani na idadi ya familia katika mbuga na fukwe humhusu sana.

Kwa abiria wa Ijumaa, dawa ni kuigeuza siku. Mazoea ya watu wengi ni kuanza na kilicho karibu, yaani soko na makumbusho, kisha kwenda mbali mchana. Siku ya Ijumaa mpango huo unakula hasara mara mbili: asubuhi mgeni hukuta milango iliyofungwa karibu na gati, na alasiri, milango hiyo ikifunguliwa, yeye yuko kilomita 15 mbali akihesabu dakika za kurudi. Afadhali aanze na The Pearl, hasa Qanat Quartier, wakati jua halijapanda na njia ni nyeupe. Arudi melini kula chakula cha mchana ambacho amekwisha kukilipia. Kisha saa nane atoke tena kwa miguu au kwa teksi fupi kwenda makumbusho na Souq Waqif. Saa za mwisho, ambazo ndizo za hatari ya kuachwa na meli, anazimaliza karibu na gati.

Usafiri nao una kalenda yake. Siku ya kawaida, njia nafuu ya kufika The Pearl ni metro: kutoka kituo cha Makumbusho ya Taifa kwenye njia ya dhahabu, kubadili Msheireb, kupanda njia nyekundu hadi Legtaifiya, kisha basi la bure la kuunganisha linaloingia kisiwani. Safari moja ya metro ni riyali 2, na tiketi ya siku nzima riyali 6. Riyali imefungwa na dola kwa kiwango cha 3.64. Ijumaa asubuhi njia hiyo haitegemeki, hivyo inabaki teksi ya Karwa yenye rangi ya feruzi au basi la kampuni ya meli. Basi la meli lina faida moja ambayo hushinda tofauti ya bei siku ya sikukuu: meli huwasubiri waliokwenda kwa matembezi yake yenyewe. Abiria wa teksi aliyekwama kwenye foleni ya Idi hasubiriwi na mtu.

Ramadhani ina mpangilio wake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2004 inapunguza saa za kazi kutoka 48 kwa wiki hadi 36 mwezi huo, yaani saa sita kwa siku, na wafanyabiashara huzigawa mara mbili: kidogo asubuhi, kisha baada ya futari hadi usiku wa manane au kupita. Mikahawa mingi haihudumii wateja mezani mchana, isipokuwa sehemu zilizozibwa ndani ya baadhi ya hoteli. Kula au kunywa hadharani mchana ni kosa chini ya Sheria ya Adhabu, na hilo halimwachi mgeni: chupa ya maji ndani ya basi la umma ni hadharani, ukingo wa marina ni hadharani. Abiria mwenye busara hula kifungua kinywa cha kutosha melini, hupanga matembezi ya saa tatu nne badala ya siku nzima, na hurudi kunywa maji.

Kitu kimoja hakibadiliki Ramadhani kwenye mikahawa ya The Pearl iliyo nje ya hoteli, nacho ni pombe. Mikahawa hiyo ilisimamishwa kuuza pombe Desemba 2011, kwa hiyo mgeni anayelalamika kwamba haiuzi kwa ajili ya mfungo amechelewa miaka mingi.

Kinachouma ni saa ya kuondoka. Mwezi Machi jua la Doha huzama karibu na saa kumi na mbili kasorobo jioni. Meli inayong'oa nanga saa kumi na mbili hutoka gatini mji ukikaa kufuturu. Dakika chache kabla mzinga umelia Souq Waqif na kwenye kijiji cha utamaduni cha Katara, barabara zimekuwa tupu kana kwamba zimefagiwa, na harufu ya harisi na sambusa imetanda. Baada ya tarawehe The Pearl hugeuka kuwa mahali pengine: taa zinaning'inizwa juu ya mifereji, mikahawa inajaa hadi daku. Katikati ya mwezi kuna usiku wa Garangao, watoto wanapopita wamevaa nguo za kienyeji na mifuko shingoni wakikusanya njugu na peremende. Ni katika mambo mazuri kuliko yote ambayo Doha inaweza kumwonyesha mgeni, na abiria wa meli ya mchana huliona kwa mbali, kama taa za pwani. Meli inayolala bandarini usiku mmoja huondoa tatizo lote hilo kwa mara moja. Kampuni inayoendelea kuuza kituo cha mchana katika Ramadhani inauza, kwa maneno ya wazi, saa ambazo wenyeji wenyewe wamezipa kisogo.

Idi el-Fitri huleta tatizo la tarehe. Ratiba za meli huchapishwa mwaka mmoja hadi miwili kabla, ilhali mwezi huandama kwa kuonekana. Nchini Qatar tangazo hutolewa na kamati ya kutafuta mwezi iliyo chini ya Wizara ya Wakfu na Mambo ya Kiislamu, usiku wa kuamkia siku yenyewe. Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa mzozo wa mwezi. Mwaka 2025 Qatar ilisali Idi tarehe 30 Machi, na Oman tarehe 31. Abiria aliyetoka bandari moja kwenda nyingine siku hizo aliweza kukuta asubuhi mbili za Idi zilizofungwa, moja baada ya nyingine, bila kosa la mtu yeyote.

Asubuhi ya Idi mosi ndiyo iliyofungwa kuliko zote. Sala husaliwa mapema baada ya jua kuchomoza, kisha watu huenda kwa wazazi na kwenye mabaraza ya jamaa. Kabla ya alasiri The Pearl huwa na walinzi, wafagizi na watalii. Kuanzia alasiri mikahawa hufunguliwa, na jioni kisiwa hufurika kiasi kwamba tatizo linageuka: gari linaweza kutumia nusu saa nzima kwenye daraja la kuingilia. Idi pili na Idi tatu milango iko wazi zaidi, lakini muda wa mapumziko hutofautiana. Sekta binafsi hupewa kisheria siku tatu za kazi, wakati ofisi za serikali kwa kawaida hupumzika zaidi. Ndiyo maana duka moja linaweza kuwa wazi na ofisi iliyo ghorofa ya juu yake bado imefungwa.

Sikukuu mbili za kitaifa zina tabia tofauti. Tarehe 18 Desemba ni Sikukuu ya Taifa, inayokumbuka Sheikh Jassim bin Mohammed Al Thani kushika uongozi mwaka 1878. Tarehe hiyo ilichaguliwa mwaka 2007; kabla ya hapo sikukuu iliadhimishwa tarehe 3 Septemba, siku ya uhuru wa 1971. Tarehe 18 Desemba maduka hayafungwi kwa wingi. Kinachofungwa ni barabara. Barabara ya Corniche, yenye umbo la mwezi mchanga, inaanzia karibu na bandari na kuishia upande unaoelekea The Pearl, na ndiyo inayotumiwa kwa gwaride na misafara ya magari yenye bendera. Ikizibwa, teksi huzunguka ndani ya mji, na safari ya nusu saa huwa ya saa nzima au zaidi. Metro hupita chini ya yote hayo, na siku hiyo ndiyo njia ya kutegemewa.

Siku ya Michezo, Jumanne ya pili ya Februari tangu mwaka 2012, haimdhuru mgeni. Benki na ofisi hufungwa, watu wazima wa kila umri hujitokeza kukimbia na kupiga mpira kwenye Corniche na The Pearl, na abiria aliyevaa raba anaweza kujiunga nao. Jumapili ya kwanza ya Machi benki peke yake hupumzika. Mashine za kutolea fedha zinafanya kazi, na anayelipa kwa kadi hatajua.

Siku ambazo wageni wengi huziogopa, 25 Desemba na Januari mosi, si sikukuu za umma nchini Qatar. Abiria Mzungu anayejiandaa kwa Krismasi iliyofungwa kama ya kwao hukuta maduka wazi. Hofu yake imefuata kalenda ya nyumbani, si ile inayotumika.

Kuna kufungwa ambako hakuna kalenda inayokutabiri. Kuanzia tarehe 5 Juni 2017 hadi Januari 2021 majirani waliwekea Qatar vikwazo, na bandari za Falme za Kiarabu zikawa haziruhusu vyombo vinavyotoka au kwenda Doha. Mzunguko wa Dubai na Doha ukakatika. Sultan Qaboos wa Oman alipofariki tarehe 10 Januari 2020, katikati ya msimu, kazi zilisimamishwa siku tatu za maombolezo. Dhidi ya mambo ya namna hii msafiri hana kinga nyingine zaidi ya kutolipia mapema matembezi yasiyorejeshewa fedha.

Maskati, kituo kingine ambacho Kiswahili kina wenyewe, kinaleta funzo la pembeni. Bandari ya Sultan Qaboos iliachiwa meli za utalii baada ya mizigo kuhamishiwa Sohar mwaka 2014, na soko la Mutrah haliko mbali na gati. Ijumaa asubuhi soko hulala, na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, unaopokea wageni wasio Waislamu Jumamosi hadi Alhamisi kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, hauwapokei kabisa. Kwa hiyo Ijumaa Maskati ni hasara kubwa kuliko Ijumaa Doha, kwa sababu Doha hufunguka alasiri na msikiti ule haufunguki. Unguja nako meli ikifika asubuhi ya Idi hukuta Darajani, iliyokesha ikiuza nguo na viatu usiku wa kuamkia sikukuu, imetulia tuli, na uhai wote umehamia Mnazi Mmoja jioni. Zanzibar ina pia tarehe 12 Januari, Siku ya Mapinduzi, inayoangukia katikati ya msimu huohuo wa meli. Mombasa ina bahati ya Fort Jesus, ambayo hupokea wageni hata siku za sikukuu. Kituo chenye kivutio kikuu kimoja kisichofungwa hakiharibikiwi sana na kalenda.

Pendekezo linalotolewa mara kwa mara ni kwamba maduka yalazimishwe kufungua meli inapokuja. Kabla ya kulikubali inafaa kujua ni nani atakayefungua. Wanaosimama milangoni na nyuma ya kaunta za The Pearl ni wafanyakazi wa kigeni, na Wakenya na Waganda ni wengi kwenye ulinzi, hoteli na udereva. Kiswahili husikika kwenye maegesho ya chini ya minara na kwenye vituo vya mabasi ya kampuni. Sheria ya Kazi inawapa mapumziko ya saa 24 kila wiki, Ijumaa kwa wasiofanya kazi za zamu, siku tatu kwa kila Idi, siku moja ya Sikukuu ya Taifa na siku tatu nyingine ambazo mwajiri huchagua. Anayefanyishwa kazi siku yake ya mapumziko anastahili siku nyingine badala yake pamoja na nyongeza ya malipo. Kwenye zamu, kipengele hicho ndicho kinachobishaniwa. Kwa mlinzi aliyeko lindoni tangu saa kumi na mbili asubuhi ya Idi, meli iliyoleta watu elfu tatu ina maana moja: simu ya nyumbani, Kisumu au Jinja, itapigwa usiku.

Suluhisho lisilomgusa mtu huyo liko upande wa ratiba. Meli ikifika saa sita mchana badala ya alfajiri siku ya Ijumaa na kuondoka saa tano usiku, abiria hupata mji wote ukiwa macho na hakuna duka linalobadilisha saa zake. Kikwazo ni gharama: saa za ziada gatini hulipiwa, na saa zinazopunguzwa usiku baharini hulazimisha mwendo wa kasi na mafuta zaidi kufika kituo kinachofuata. Kasino na maduka ya melini nayo hufungwa meli ikiwa gatini katika bandari nyingi, na hiyo ni sababu ambayo haiandikwi kwenye vipeperushi.

Hesabu za falaki zinaonyesha suala hili litakavyokwenda. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa jua, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kuelekea katikati ya msimu wa meli: ilianza tarehe 1 Machi mwaka 2025, na inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari mwaka 2027, na katikati ya Januari mwaka 2029. Mwaka huo wa 2029 Idi el-Haji nayo, ambayo sasa huangukia baada ya meli kuondoka Ghuba, itaingia mwishoni mwa Aprili. Mwaka 2030 Ramadhani itakuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena siku za mwisho za Desemba, wakati meli za Krismasi na mwaka mpya zikiwa zimejaa. Ramadhani haitatoka kabisa katika msimu huo kabla ya miaka ya mwisho ya muongo wa 2030.